UCHAMBUZI: Programu ya akili itawekwa katika simu ya nani?

WATAALAMU wa maradhi ya akili ng'ambo wamekuwa wakijaribu programu za simu na huduma za intaneti ili kuwasaidia vijana walioanza kuugua saikosisi, hali ya mtu kusikia sauti zisizokuwapo au kushikilia imani zisizo na ukweli. Hapa Mombasa, swali ni moja: programu hizo zitawekwa katika simu ya nani?

Mfano utajwao sana ni Horyzons, huduma iliyobuniwa Melbourne, Australia, ambapo vijana huwasiliana na wenzao na kupata ushauri wa wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha vijana 170, haukuonyesha kuwa maisha yao ya kijamii yaliimarika kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida. Hata hivyo, walikimbizwa hospitalini kwa dharura mara chache zaidi. Faida hiyo si haba. Lakini vijana hao walikuwa wamekwishatibiwa katika kliniki maalum kabla ya kuingizwa huko.

Kibokoni au Ndia Kuu mambo huanza vingine. Kijana huacha masomo, hakeshi ila kwa kuzungumza peke yake, na chakula cha mamaye hukishuku kuwa kina sumu. Jirani atasema ni bangi au muguka. Nyanya atasema ni jini, na mwalimu ataitwa aje kumsomea. Sioni sababu ya kumkejeli mzazi huyo, kwani kisomo na tiba vyaweza kwenda sambamba. Hatari ni miezi inayopotea, maana kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Na familia ikikata shauri, huenda ikalazimika kuvuka Makupa hadi Hospitali ya Port Reitz, ikimsihi asiruke garini.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa teknolojia hulipita haraka. Kijana anayeamini kuwa anapelelezwa kupitia simu hawezi kutulizwa na programu inayorekodi usingizi wake. Aidha, katika nyumba za Mji wa Kale, ambamo jamaa wengi huishi pamoja na simu hupita mkono kwa mkono, mlio wa kukumbusha dawa huweza kuitangaza siri ya mgonjwa kwa ukoo mzima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haifiki sebuleni.

Kwa maoni yangu, simu inayofaa kuanza nayo ni ya mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000 nchini, wakapewa vifaa pamoja na simu za kunakili habari za kila nyumba. Mhudumu huyo hubishwa hodi na kukaribishwa ndani. Akifunzwa kuuliza maswali machache kuhusu usingizi, sauti na shuku, atamtambua mgonjwa mapema kuliko programu yoyote.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizitwika kaunti jukumu la kufikisha huduma hizi mashinani. Kwa hivyo, kabla ya kununua programu, kaunti itaje ni nani atakayeipokea simu ya mhudumu usiku wa manane, na ni zahanati ipi kisiwani itakayokuwa na dawa asubuhi yake.