Fundi, Usiizike Rada Kabla ya Kupima Waya

Haya, nimerudi. Najua niliwaahidi makala kuhusu hifadhidata, lakini hiyo itangoja. Leo nina hasira.

Rafiki yangu ana gari kutoka Japani, la aina ile inayojifungia breki likiona hatari mbele. Juzi taa mbili ziliwaka kwenye dashibodi: ya breki za dharura na ya kushika mwendo. Akalipeleka gereji. Fundi akachomeka mashine, akasoma U0235, akatoa hukumu papo hapo: "Mkubwa, rada imekufa. Tafuta nyingine." Rada ikanunuliwa, ikafungwa. Jioni hiyo hiyo taa zikawaka tena!

Jamani, hebu tusome kabla ya kununua. Herufi ya kwanza ya nambari hizi ina maana. P ni injini na gia, C ni chasisi pamoja na breki, B ni bodi, U ni mtandao. U0235 inasema kwamba kompyuta fulani haipati habari kutoka kwa kihisio cha umbali cha mbele. Basi. Haisemi kimekufa. Ukinipigia simu usinipate, utakimbia kununua jeneza? Huenda nimeishiwa na chaji tu.

Katika magari mengi, rada na breki huzungumza kupitia CAN, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Chomoa betri, pima kati ya nyaya hizo mbili: unatakiwa upate omu 60 hivi. Ukipata 120, kuna mahali pamekatika au kizuizi kimoja hakipo. Ukipata karibu sifuri, nyaya zinagusana. Lakini angalia: magari mengi ya siku hizi yana lango kati ya soketi ya uchunguzi na mitandao ya ndani, kwa hiyo pima kwenye mtandao wenye rada, si pale chini ya usukani tu.

Kisha uliza: nani analalamika, na anamlalamikia nani? Kompyuta nyingi zikileta U0121, zinailalamikia ABS, nenda huko. Zikiilalamikia rada peke yake, kagua fyuzi yake, umeme wake, waya wake wa ardhi na soketi yake. Rada hukaa mbele kabisa, nyuma ya bampa au nembo, inakula matope na mvua. Na usisahau betri dhaifu. Nayo huleta nambari za U za kila aina.

Jumamosi tulikaa na multimita. Mtandao: omu 60, safi. Umeme wa rada: upo. Waya wa ardhi: pini imeliwa na kutu ya kijani. Pini! Tukaibadilisha, tukarudisha rada ya zamani, nambari haikurudi. Kisha gari likapelekwa rada ikapangwe mwelekeo, kwa sababu rada iliyofunguliwa na kufungwa upya inaweza kutazama pembeni. Hilo nalo gereji ya kwanza haikulitaja.

Hapa si pesa tu. Pedali ya breki bado inafanya kazi, lakini dereva aliyezoea kusaidiwa ataambiwa "imepona" kwa sababu nambari imefutwa. Kufuta nambari si kutengeneza. Ni sawa na programa anayeficha ujumbe wa kosa ili mteja asiuone.

Fundi ataniambia wateja hawataki kulipia kupima. Kweli, na hapo kosa ni letu. Tunalipia kipuri, hatulipii akili.

Watengenezaji nao wasijifiche. Mwaka 2015 watafiti waliidukua Jeep Cherokee kutoka mbali, kwa hiyo kufuli kwenye mtandao wa gari kuna sababu. Lakini mwenye nyumba hunyimwa ufunguo kwa sababu kuna wezi? Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walidai haki ya kutengeneza magari yao mwaka 2012, wakaidai tena 2020. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika tunaihitaji zaidi.

Ukiambiwa "rada imekufa," uliza swali moja: umepata omu ngapi? Akianza kukuna kichwa, chukua ufunguo wako uende.