Asilimia Si Shahidi



Wiki iliyopita tulikuwa tunamalizia gauni la biharusi kutoka Same, Upareni, simu ikaingia: harusi isimame kwanza. Sababu? Chuo anachosoma kimezuia utafiti wake. Kompyuta imetoa asilimia, ikasemwa kazi imeandikwa na mashine. Hajaitwa wala hajaulizwa, lakini habari imeshafika kwa mawifi.

Hatusemi wanafunzi hawaibi. Wapo wanaolipa watu wawaandikie, na akithibitika mtu aadhibiwe, maana muuguzi wa cheti cha uongo anatudhuru sisi na watoto wetu. Mwaka 2017 tulitangaziwa watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini baadhi ya waliokata rufaa walikutwa vyeti vyao ni halali. Bila rufaa hao wangezikwa na jina la wizi.

Tunachokataa ni hukumu kutangulia maelezo. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mtume (SAW) alimfunza Sayyidna Ali asiamue baina ya wawili mpaka amsikilize na wa pili. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa na kukata rufaa, iwe mbele ya mahakama au chombo kingine.

Na hiyo mashine? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha zilisingiziwa. Mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya kutambua maandishi ya mashine kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Sasa binti aliyekulia milimani kwa Kipare, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza cha skuli, atasalimika vipi?

Dukani kwetu nguo ikirudi imebana, hatumfokei mshonaji. Tunafungua daftari la vipimo, tunampima mteja tena, tunamuuliza fundi. Gauni linapewa haki hiyo, binti wa watu anyimwe?

Chuo kimpe tuhuma kwa maandishi na siku za kujiandaa. Alete rasimu na madaftari yake, aulizwe ana kwa ana juu ya utafiti wake. Aliyeandika hujulikana akisema. Aliyemtuhumu asiwe ndiye hakimu. Na mpaka hapo, jambo libaki siri.

Biharusi wetu naye asijifungie kulia. Mwaka 1945 Wapare walimiminika Same kwa maelfu kuipinga kodi ya mbiru, na mwaka uliofuata wanawake nao wakaandamana Usangi. Kudai usikilizwe si utovu wa adabu.

Na nyinyi mawifi na mama wakwe, msivunje posa kwa uvumi. Bibi Aisha (RA) naye alisingiziwa, na waliobeba maneno ndio waliopata madhambi.

Gauni lipo kwetu, limebaki upindo tu. Hatulifumui.