Daktari Akikuongelesha Kikemikali, Mwambie Arudie

Mtu anatoka hospitalini, unamuuliza daktari amesema nini, anakujibu: "Sijui, ameandika tu hapa." Karatasi inapigwa picha, inatumwa kwa grupu ya familia. Dawa zishalipiwa, lakini ugonjwa wenyewe hakuna anayejua ni gani.

Na wewe kijana wa mjini ndiye mkalimani wa hiyo familia. Mamako akipewa karatasi, anakuletea wewe. So tuanze na maneno yanayosumbua wengi.

"Acute" na "chronic" hazipimi ubaya, zinapima muda. Acute ni ugonjwa ulioanza ghafla. Chronic ni ule wa kukaa nao muda mrefu. Kisukari ni chronic, na mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi akijitunza. Kidole tumbo kikivimba ghafla hiyo ni acute, na ukichelewa kinaweza kukumaliza kwa siku chache.

"Positive" mtaani ni kitu poa. Kwa maabara, maana yake ni kwamba walichokuwa wakitafuta wamekipata. Uvimbe ukiitwa "benign", si saratani. Ukiitwa "malignant", ni saratani.

Kwa dawa, BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu, PRN ni pale unapohitaji. Hivyo ni vifupisho vya Kilatini, lugha ambayo hakuna mtu anaiongea kwa ploti yenu. Na 1x3 kwenye pakiti si tembe tatu kwa mpigo. Ni tembe moja, mara tatu kwa siku.

Halafu kuna homa, ambapo Kiswahili chetu wenyewe kinatuchanganya. Tukisema "niko na homa", wengi tunamaanisha mafua. Daktari anaweza kuelewa kwamba joto la mwili limepanda. Homa ya matumbo nayo ni taifodi, homa ya mapafu ni nimonia. Jina ni moja, magonjwa si ndugu, na matibabu hayafanani.

Hapa ndipo neno linageuka pesa na uhai. Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki huua bakteria, haigusi virusi. Yule anayekimbilia amoksilini kila akipiga chafya anachoma doh bure, na anawapa bakteria walio mwilini nafasi ya kuizoea dawa. Siku atapata nimonia ya ukweli, dawa inaweza kugoma. Huo ndio usugu wa dawa.

Je, kutoelewa ni kosa lako? Zii. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama yake. Inasema pia kwamba, pale inapowezekana, akueleze kwa lugha unayoielewa, akizingatia kiwango chako cha kusoma na kuandika. Katiba ya 2010 nayo imeweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa hivyo kumwomba daktari arudie kwa Kiswahili si ujeuri.

Najua foleni ni ndefu na daktari amechoka. Lakini kueleza kunachukua dakika mbili. Mgonjwa aliyemeza dawa vibaya atarudi kwa foleni hiyo hiyo, akiwa mbaya zaidi.

Mimi chuo sikumaliza, na hakuna siku nilisomea udaktari. Haya yote ni matunda ya kuuliza. Kwa hivyo ukienda, ama ukimpeleka nyanyako, usitoke kabla ya kujibiwa maswali matatu: Shida ni gani? Hii dawa inafanya nini, na inamezwa vipi? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Kisha rudia majibu kwa maneno yako mwenyewe, daktari akisikiza. Ukikosea, akurekebishe hapo hapo, kabla hujafika nyumbani.