Maji ya Mto Pangani yasiishie kuvuja uani

KWA miaka mingi mkazi wa Handeni ameupima unafuu wa nyumba yake kwa idadi ya madumu yaliyojaa maji ukumbini. Mvua zinapokatika na malambo kukauka, dumu la lita 20 hupanda bei, vijana wa baiskeli hupata biashara, na akina mama huamka alfajiri kuwahi foleni.

Kilio hicho ndicho kilichosababisha kujengwa, kuanzia miaka ya 1970, kwa bomba kuu la Handeni, maarufu kama HTM, linalochota maji ya Mto Pangani wilayani Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Bomba likazeeka huku watu wakiongezeka, na mgawo wa maji ukawa jambo la kawaida.

Juni 2022 mikataba ya mradi wa maji wa Miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka India, ilisainiwa mkoani Dodoma. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika orodha hiyo.

Hizo ni habari njema. Hata hivyo, ipo sehemu moja ya bomba ambayo hakuna mkandarasi wala mfadhili atakayeitunza. Ni ile inayoanzia kwenye dira ya maji na kuishia jikoni, chooni na kwenye tangi. Sehemu hiyo ni mali ya mwenye nyumba, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Taarifa za Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) zimekuwa zikionyesha kuwa takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji mijini hayaingizi mapato, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Wananchi wana haki ya kulalamikia hasara hiyo. Lakini wengi hawajui kuwa hesabu hiyo haigusi maji yanayovuja baada ya dira, kwa sababu hayo yameshalipiwa. Aliyeyalipia ni mwenye nyumba.

Hasara yenyewe si ndogo. Chukua koki moja mbovu inayojaza dumu la lita 20 kwa saa nane za usiku. Kwa siku nzima zimekwenda lita 60, na kwa mwezi lita 1,800, yaani madumu 90, au karibu uniti mbili kwenye ankara. Lita 60 kwa siku zinatosha kunywesha ng'ombe wawili wa kienyeji, au kumwagilia tuta la mchicha lenye upana wa mita moja na urefu wa mita 12. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa koki inayovuja, haba na haba huumaliza mfuko.

Mgawo wa maji nao una madhara yake ndani ya nyumba. Maji yanapokatika, mtu hufungua koki, hakipati kitu, na kuondoka bila kuifunga. Maji yanarudi usiku wa manane, tangi linafurika, ua unageuka tope na dira inazunguka hadi asubuhi. Aidha, maji ya kwanza kurudi huja na mchanga na tope, ambavyo husaga mpira wa koki na kukwamisha boya la tangi. Ndiyo maana nyumba za maeneo yenye mgawo zinahitaji matengenezo ya mara kwa mara kuliko zile zenye maji ya saa 24.

Lipo pia suala la afya. Bomba lenye tundu hutoa maji nje linapokuwa na msukumo. Msukumo ukiisha, tundu lile lile hunyonya maji machafu yaliyotuama ardhini. Bomba likipita karibu na shimo la choo au chemba ya maji taka, familia inaweza kuletewa kuhara na homa ya matumbo kwa koki ya nyumbani kwake. Kufunga tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kama ilivyozoeleka, ni huduma ya kwanza tu. Fundi aitwe siku hiyo hiyo akate sehemu mbovu na kuunga upya.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya uangalizi huo haihitaji utaalamu wala fedha nyingi. Jambo la kwanza ni kila mtu ndani ya nyumba, wakiwamo watoto wakubwa na dada wa kazi, kujua ilipo valvu ya kufunga maji ya nyumba nzima. Bomba linapopasuka, valvu hiyo ndiyo inayookoa sakafu na godoro. Ni vema ifungwe na kufunguliwa walau mara moja kila baada ya miezi michache, isije ikashika kutu siku inapohitajika.

Jambo la pili ni kuisoma dira. Usiku ambao maji yanatoka, funga koki zote na njia ya kuingizia maji tangini, kisha andika tarakimu zote zinazoonekana kwenye dira. Asubuhi, kabla mtu hajachota, zisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja kati ya dira na nyumba, hata kama uani pakavu.

Choo cha kuvuta nacho ni mwizi wa kimya kimya. Mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi lake dogo na usilivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani umekwisha na ubadilishwe.

Koki inayodondosha mara nyingi haihitaji kubadilishwa yote. Kinachokufa ni kile kimpira cha ndani ambacho mafundi hukiita washa, na maduka ya vifaa vya ujenzi hukiuza kwa bei ndogo. Funga valvu kubwa, fungua koki kwa spana, toa kimpira cha zamani, weka kipya cha saizi ile ile. Kuikaza koki mbovu kwa nguvu, kama wengi wafanyavyo, kunaharibu nyuzi na kuongeza gharama.

Kwa upande wa mabomba ya plastiki, jua ni adui. Bomba lililoachwa juu ya ardhi hukakamaa na kupasuka likigongwa kidogo. Lifukiwe walau nusu mita, mbali na njia ya magari na mahali panapolimwa kwa jembe. Tangi nalo lioshwe tope linapojikusanya chini, boya likaguliwe, na mfuniko usiachwe wazi kwa mbu na vyura.

Kwa sinki la jikoni, mzibo mwingi huanza na mafuta na mabaki ya ugali. Sufuria ifutwe kwanza, mabaki yaende kwa kuku au kwenye shimo la mboji, na sinki liwekewe kichujio. Fimbo na waya hutoboa mabomba kuliko yanavyozibua.

Mkazi wa Korogwe anayeuona Mto Pangani ukipita mjini kwake anaweza kudhani mahubiri haya yanamhusu wa Handeni peke yake. Si kweli. Maji ya mtoni na maji ya bomba si kitu kimoja. Ya bomba yametiwa dawa na kusukumwa kwa mitambo, na gharama zake humrudia mteja. Zaidi ya hapo, maji yanayovuja kwa wateja wa mwanzo wa bomba humpunguzia msukumo aliye mwisho. Aliye mwisho ni jirani anayelipa ankara kama wengine.

Ni kweli kwamba mzigo huu si wa mwenye nyumba peke yake. Mamlaka ya maji inayochukua siku nyingi kuziba bomba lililopasuka barabarani haina uso wa kumhimiza mteja azibe koki yake. Taarifa ya mwananchi ifanyiwe kazi upesi, ratiba ya mgawo itangazwe na kuheshimiwa ili watu wajue lini wafunge koki, na ankara inayopanda ghafla iwe sababu ya kumtembelea mteja kabla ya kumkatia huduma.

Wenye nyumba za kupangisha nao wajirekebishe. Mpangaji anapolipia maji, mwenye nyumba huona koki mbovu si hasara yake, na mpangaji huona nyumba si yake. Makubaliano ya upangaji yataje wazi nani anatengeneza nini. Aidha, vijana wanaohitimu ufundi bomba katika vyuo vya VETA wapewe kazi hizi badala ya kumwachia kila mwenye spana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla mabomba mapya hayajaunganishwa na nyumba kuukuu, kila kaya ya Handeni na Korogwe ikague valvu, koki, choo na tangi lake. Haitakuwa na maana kwa taifa kukopa mamilioni ya dola kuyatoa maji mtoni, kisha yakapotea uani kwa kukosa kimpira kimoja.