Uchovu wa mjini si uvivu, na si malaria kila mara

SAA kumi alfajiri vituo vya daladala vya Mbagala, Gongo la Mboto na Chanika tayari vina watu. Abiria mzoefu hasubiri gari lianze safari ya kwenda mjini. Hulipanda likiwa linamalizia safari yake, akalipa nauli mara mbili na 'kugeuza nalo', ilimradi apate kiti. Kiti hicho ndicho kitanda chake cha pili.

Ifikapo saa nane mchana, mtu huyo huyo anasinzia ofisini Posta au nyuma ya meza ya duka Kariakoo. Mwajiri humwita mvivu. Mwenyewe husema ana malaria, na wapo majirani watakaotaja mkono wa mtu. Katika maelezo hayo matatu, la malaria ndilo lenye dawa dukani, kwa hiyo ndilo linalofuatwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza tangu mwaka 2010 kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kuwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2007-08 hadi asilimia 8 mwaka 2022, na Dar es Salaam ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo. Hata hivyo, mazoea ya kununua dawa mseto bila kipimo hayajakoma. Dozi ikiisha na uchovu ukabaki, hulaumiwa dawa, ikanunuliwa nyingine, na tatizo lenyewe likaendelea bila kutafutwa.

Mara nyingi tatizo hilo limo ndani ya damu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2004-05 ulionyesha kuwa asilimia 48 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42. Hatua iliyopigwa kwa karibu miongo miwili ni ndogo mno, tena kwa tatizo linalogundulika kwa tone moja la damu ya kidole. Wachache tu ndio huwa na upungufu mkali wa kulazwa hospitalini. Waliobaki huendelea kupanda ngazi huku moyo ukienda mbio, kichwa kikiuma jioni, wakiamini kuwa ndivyo maisha ya mjini yalivyo.

Sababu ni nyingi: hedhi nzito, minyoo, malaria yenyewe, uzazi wa karibu karibu, selimundu. Lakini ipo inayoanzia mezani. Kifungua kinywa cha mfanyakazi wa mjini ni chai ya rangi na chapati mbili, au maandazi. Chai ina tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mboga na kuyazuia yasiingie mwilini. Akila maharage na mchicha mchana, kisha akashushia chai hapo hapo, sehemu kubwa ya chuma alichokinunua hupotea. Chungwa au limau hufanya kinyume chake, yaani husaidia chuma kuingia. Kuisogeza chai saa moja au mbili baada ya chakula hakumgharimu mtu chochote.

Serikali nayo iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi, yakiwamo madini ya chuma, katika unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani. Kwa ngano jambo hilo lilikuwa rahisi, kwani viwanda vyake ni vichache na vikubwa. Sembe ya wananchi husagwa katika mashine ndogo zilizotapakaa mitaani, na huko ndiko kanuni hizo zilikopungukiwa na nguvu.

Upande wa wanaume na watu wa makamo, mtuhumiwa mwingine ni kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nacho, na zaidi ya robo walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mgonjwa wa kisukari huchoka kwa sababu sukari imejaa katika damu lakini haiingii ipasavyo katika chembe za mwili kufanya kazi. Huamka usiku mara tatu kukojoa, usingizi ukakatika, na asubuhi hutafuta soda ya baridi 'kurudisha nguvu'.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo sasa havikosekani katika genge lolote, vina hila yake. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Dereva wa bodaboda anayekunywa chupa saa kumi na moja jioni bado anayo nusu yake saa nne usiku, na saa kumi alfajiri inamsubiri. Kesho yake atahitaji chupa mbili. Ushauri wa madaktari kwamba mtu mzima alale saa saba au zaidi ni sahihi, ingawa unasikika kama umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na kazi zao.

Usingizi wa mkazi wa Chanika haurekebishwi na daktari peke yake. Barabara na makazi vinahusika. Kipimo cha damu ni suala jingine, jepesi zaidi. Mwanamke wa mjini hupimwa wingi wa damu akiwa mjamzito, kliniki, na akikutwa na upungufu hupewa vidonge vya chuma. Akishajifungua, kipimo hicho husahaulika hadi mimba nyingine. Mumewe huenda hajawahi kupimwa hata mara moja.