Draiva Haisamehe Kila Kosa

Kila anayecheza gofu, awe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, ameshapewa ushauri wa draiva na watu wawili: muuzaji na mkongwe wa kilabu. Muuzaji humwambia achukue inayosamehe, itamnyooshea mipira. Mkongwe humwambia draiva za kusamehe ni za wanaojifunza, na kwamba mwanamume acheze digrii 9 yenye shafti ngumu. Nimezisikiliza hoja hizo kwa makini pamoja na matangazo yanayozilisha, na nazipinga karibu zote. Kusamehe kupo, kunapimika, na kwa mchezaji wa kawaida ndiyo sifa ya kwanza ya kutafuta. Kinachonikera ni kwamba hoja hizi humfanya mtu alipe fedha nyingi kisha aondoke dukani bila sifa hiyo hiyo aliyoijia. Ninyi mlishazisikia. Sasa zipimeni moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya muuzaji: draiva inayosamehe hunyoosha mpira. Tuiweke kwa haki. Anachodai ni kwamba kichwa kikubwa chenye uzito uliosambazwa pembezoni hakizunguki sana mpira unapogonga nje ya katikati ya uso, kwa hiyo mpira haupotezi kasi nyingi wala hauendi mbali na mstari. Hadi hapo yuko sahihi. Aliyebeba mzega wenye ndoo mbili za maji ni vigumu zaidi kumgeuza ghafla kuliko aliyezikumbatia ndoo zote mbili kifuani, na kichwa cha draiva hutii kanuni hiyo hiyo. Lakini angalieni kilichosamehewa hapo: ni kosa la mahali mpira ulipogusa uso. Kosa la uso wenyewe kuelekea kulia halikuguswa. Mpira na uso hugusana kwa muda usiozidi nusu ya sehemu ya elfu moja ya sekunde, na katika muda huo zaidi ya robo tatu ya mwelekeo wa kuanzia wa mpira huamuliwa na uso unakotazama. Mpira ulioanza digrii 4 kulia, ukisafiri yadi 220 bila hata kupinda, umeshatoka yadi 15 nje ya mstari. Ukiongeza na kupinda, uko kichakani. Hakuna uzito wa pembezoni unaoweza kuurudisha, kwa sababu kichwa hakikuzungushwa na mpira. Kililetwa kikiwa wazi na mikono ya mchezaji. Na wengi wanaokwenda dukani kutafuta msamaha, ugonjwa wao ni huo wa mpira kukata kulia. Wanauziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Muuzaji akibanwa hapo hutoa draiva ya aina nyingine, ile ambayo uzito wake umesogezwa upande wa kisigino ili uso uwahi kufunga. Hiyo kweli hupunguza kukata kulia. Ila sasa amebadilisha hoja katikati ya mazungumzo. Uzito ulioegemea kisigino unasukuma mpira upande mmoja. Kusamehe ni kupunguza hasara pande zote. Draiva moja inaweza kuwa na sifa ya kwanza ikakosa ya pili. Anayeziita zote mbili kwa jina moja amemnyima mnunuzi nafasi ya kuchagua.

Hoja ya pili inasema kichwa cha sentimita za ujazo 460 ndicho kinachosamehe, basi ukiona 460 umemaliza kazi. Hoja hii ina historia ya kuifanya ionekane kweli. Callaway walipotoa Big Bertha mwaka 1991, ikiwa ya chuma na yenye ujazo wa kama 190, watu waliiona kubwa mno, na ilisaidia wengi. Ujazo ulipokua ndivyo msamaha ulivyokua. Lakini tangu mwaka 2004 sheria za wasimamizi wa kanuni za gofu, USGA na R&A zimeweka kikomo cha 460, na leo karibu kila draiva dukani imefika hapo. Sifa iliyo sawa kwa wote haiwezi kutofautisha mmoja na mwingine. Kinachotofautisha ni ugumu wa kichwa kuzungushwa, unaopimwa kwa gramu-sentimita mraba, ambao kikomo chake ni 5,900. Vichwa viwili vya 460 vinaweza kupishana sana kwa kipimo hicho, kulingana na kama mtengenezaji ameweka uzito mbele karibu na uso au ameusukuma nyuma kabisa. Muulize muuzaji namba hiyo. Akikujibu kwa kutaja ujazo, hajakujibu.

Kuna namba nyingine iliyoingia sokoni kwa kishindo mwaka 2024: elfu kumi. Ping na TaylorMade wote walitoa draiva zinazotajwa kwa namba hiyo, na wapo waliodhani kikomo cha 5,900 kimevunjwa. Hakijavunjwa. Elfu kumi ni jumla ya vipimo viwili, cha kuzunguka kutoka kisigino hadi ncha na cha kuzunguka kutoka juu hadi chini. Kikomo kinahusu cha kwanza peke yake. Draiva hizo ni nzuri, na kwa anayetawanya mipira uso mzima ningezipendekeza bila kusita. Lakini anayelinganisha elfu kumi ya draiva mpya na elfu tano ya draiva yake ya zamani, akasema msamaha umeongezeka maradufu, amelinganisha jumla ya vitu viwili na kitu kimoja.

Sasa kwa mkongwe wa kilabu. Anasema kusamehe kunakula umbali. Hoja yake ina punje ya ukweli na nitaitoa kwanza: uzito ukiwa nyuma kabisa, mpira hupaa juu zaidi na kuzunguka kinyumenyume zaidi, na kwa mtu anayepiga kwa kasi kubwa mzunguko huo hula yadi. Wachezaji wa kulipwa mnaowaona kwenye Kenya Open wana kasi hiyo, na baadhi yao huchagua vichwa vyenye uzito mbele kwa sababu ya maana. Lakini hoja ilikuwa kwamba kusamehe kwenyewe kunapunguza umbali, na hapo inaanguka. Mwaka 1998 USGA iliweka kikomo cha mrejesho, yaani kasi ya mpira na uso kuachana ikilinganishwa na kasi ya kukutana, kuwa 0.83. Kikomo hicho hakijali kichwa kinasamehe au hakisamehi. Mpira ukigongwa katikati, draiva zote mbili zinazofuata sheria hutoa kasi inayokaribiana mno. Ukigongwa pembeni, inayosamehe hutoa kasi kubwa zaidi. Mchezaji wa handikapu 18 hugonga pembeni mara ngapi kwa mashimo 18? Umbali wake wa wastani unatoka kwenye mipira hiyo, na ndiyo ambayo draiva ya mkongwe inaiadhibu.

Na huyu huyu anayesema kusamehe kunakula umbali ndiye anayesema toleo la mwaka huu limemwongezea yadi 15. Kama kikomo cha mrejesho hakijabadilika, yadi hizo zimetoka wapi? Huenda zimetoka kwenye mpira kupaa vizuri zaidi, au kwenye kugonga nje ya katikati bila hasara kubwa kama zamani. Chanzo hicho cha pili ndicho kusamehe kwenyewe.

Hoja inayonichoma zaidi ni ya digrii 9. Wanasema mwinamo mdogo wa uso hurusha mpira mbali, na kwamba digrii 12 ni ya kina mama. Nimewaona wazee wa miaka 65 wakihangaika na digrii 9, mpira ukitambaa usawa wa nyasi na kufa kabla ya yadi 150, huku draiva ya kuwafaa ikiwa dukani imeandikwa 12. Fizikia haijui jinsia, inajua kasi. Mtu anayepiga kwa kama kilomita 150 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya mwanamume wa kawaida anayecheza kujifurahisha, anahitaji mwinamo ili mpira ukae hewani. Tena mwinamo wenyewe unasamehe. Uso ukiwa wazi kwa kiasi kile kile, mpira wa digrii 9 hupinda zaidi kuliko wa digrii 12, kwa sababu mzunguko wa kinyumenyume ukiwa mdogo, ule wa pembeni hupata sehemu kubwa zaidi ya kuuamrisha mpira. Kwa hiyo mtu anayekata kulia kisha akanunua digrii 9 amejiongezea kosa alilokuja kuliponya, hata kama kichwa chake kina ugumu wa 5,900 kamili. Hapa ushauri wa dukani na wa kilabuni hugongana wazi: nunua inayosamehe, lakini nunua mwinamo usiosamehe.

Wa Nairobi watanijibu kwamba wao hupiga digrii 9 na mpira unakwenda mbali na unanyooka. Nawaamini. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiushiki mpira sana, haiupindishi sana. Sifa nyingi wanazoipa draiva ni za hewa. Mchezaji huyo huyo akishuka Dar es Salaam kwa mashindano, akasimama kwenye tii ya Gymkhana au Lugalo, kukata kulia alikokuwa akikuvumilia kule juu kunarudi kwa ukubwa wake wote. Na hata huko Nairobi hoja haisimami, maana hewa nyepesi huuinua mpira kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya pwani; mwenye kasi ndogo anahitaji mwinamo zaidi huko. Nitaongeza tahadhari moja kwa wanaotegemea kola ya kurekebisha shingoni mwa draiva: ukizungusha kuongeza mwinamo, uso nao hufunga kidogo. Kwa anayekata kulia ni msaada, kwa anayevuta kushoto ni balaa.

Kuhusu urefu wa shafti nitakuwa mfupi. Hoja ni kwamba shafti ndefu huongeza kasi, na kasi huongeza umbali. Ushahidi bora wa wanaoitetea ni Phil Mickelson, aliyeshinda PGA Championship mwaka 2021 akiwa na miaka 50, na draiva yake ilikuwa ya inchi 47.9. Nakubali. Lakini Mickelson hugonga katikati. Rickie Fowler, mchezaji wa daraja la juu naye, mwaka 2017 alicheza na draiva ya inchi 43.5 ili aupate uso vizuri zaidi. Draiva nyingi za dukani ni za inchi 45.5 na zaidi, yaani anayegonga vibaya kuliko Fowler anauziwa shafti ndefu kuliko ya Fowler. Kila inchi inayoongezeka hutawanya alama za mpira usoni, na kichwa kinachosamehe kinabaki kulipia deni lililoletwa na shafti. Ukikata inchi moja uzito wa kichwa unahisika mwepesi mkononi, basi fundi aongeze gramu chache. Ni kazi ndogo.

Imebaki hoja ya kukatisha tamaa: bila mashine ya rada huwezi kujua draiva ipi inakufaa. Mashine ni nzuri ikiwepo. Lakini swali la kwanza, kama kosa lako ni la aina inayosamehewa na draiva, halihitaji mashine. Chukua maka peni ya ubao mweupe, piga doa nene kwenye mpira, uweke kwenye tii doa likitazama uso wa draiva, piga. Doa litahamia usoni. Piga mipira kumi hivyo, kila mara ukitazama alama na kukumbuka mpira ulikwenda wapi kabla ya kufuta. Alama zikitapakaa kutoka kisigino hadi ncha, tafuta ugumu mkubwa wa kuzungushwa na shafti fupi, hata kwenye draiva ya mtumba ya miaka mitano iliyopita, maana vikomo vilikuwa hivi hivi. Kagua tu kama uso hauna ufa na shafti haijachubuka karibu na shingo. Alama zikiwa chini ya uso, inua tii kabla hujagusa pochi. Na zikijikusanya katikati huku mpira bado unakata kulia, fedha ya draiva mpya mpelekee mwalimu.