Sikukuu Haidai Kipya

Ipo imani iliyokita mizizi mijini mwetu, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, kwamba nyumba isiyonunuliwa kitu kipya haijajiandaa kwa sikukuu. Idi au Krismasi inapokaribia, maduka hufurika mapazia, maua ya plastiki, mazulia ya nailoni, taa za kumetameta na miti ya Krismasi ya kukunja, na mwenye nyumba anayepita bila kununua huhesabiwa kuwa bahili au hohehahe. Mkeka wa ukindu ukitandikwa sebuleni huitwa ushamba. Kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa mkono huitwa cha kizamani. Kabati la mtumba, hata likiwa la mbao ngumu, hutafutiwa maelezo ili mgeni asijue lilikotoka. Imani hii nataka kuipinga bila kuzunguka. Haina msingi katika dini wala katika desturi zetu, inatugharimu kuliko tunavyokubali, na kosa lake kubwa ni kwamba haielewi sikukuu ni kitu gani.

Sikukuu ni siku inayorudi. Ndiyo tofauti yake na sherehe nyingine: harusi hufanywa mara moja, msiba hauna tarehe, lakini Idi na Krismasi huja kila mwaka kwa watu walewale, na furaha yake imo katika kule kuzitambua tena. Takbira ni zilezile, nyimbo ni zilezile, pilau na biriani hazibadilishwi kwa kuwa zililiwa mwaka jana. Hakuna anayedai sala mpya au wimbo mpya ili sikukuu ikamilike. Kwa nini basi tudai pazia jipya? Pambo la sikukuu lililo sawasawa ni lile linalowekwa, likatunzwa, likatolewa tena siku ile, ili mtoto alionapo ajue bila kuambiwa kwamba siku imefika. Pambo linalotupwa Januari haliwezi kufanya kazi hiyo. Dini zenyewe hazituagizi vinginevyo. Sunna ya Idi ni mtu kuvaa nguo nzuri kuliko zote alizo nazo. Haikusemwa lazima ziwe zimetoka dukani jana, na ufujaji umekatazwa waziwazi. Wakristo nao husherehekea kuzaliwa kwa mtoto aliyelazwa katika hori la kulishia mifugo. Anayesema heshima ya siku hizi iko katika ununuzi ameitoa wapi hoja hiyo, kama si katika tangazo la biashara?

Wengine watasema Waswahili tangu zamani walipenda kupamba nyumba kwa vitu vya thamani kutoka ng'ambo. Ni kweli, na ushahidi uko wazi. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa zikiwa na zidaka, safu za vishubaka ukutani, na katika zidaka hizo zilipangwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za namna hiyo zilizopachikwa kwenye chokaa. Lakini tutazame walivyozitumia. Sahani iliyoletwa kwa msimu wa kaskazi haikutupwa kaskazi ya mwaka uliofuata. Ilikaa katika zidaka ikarithiwa, na ile ya kaburini iliwekwa pale iishi kuliko aliyezikwa. Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, masanduku ya njumu, vitanda vya samadari, vyote vilipita mikononi mwa vizazi. Wazee wetu hawakukichukia cha kigeni, wala mimi sikichukii. Walichokijua, na ambacho sisi tumekisahau, ni kwamba kitu huwa pambo la nyumba kwa kukaa ndani yake. Uzuri waliotuachia, unaowaleta wageni kutoka pembe zote za dunia katika miji ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, ni uzuri wa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono na kutumiwa mno.

Sasa tukipime hicho kipya tunachokikimbilia. Samani nyingi mpya za bei nafuu hutengenezwa kwa maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa kwa karatasi yenye sura ya mbao. Katika unyevu wa Pwani, maji yakiingia pembeni mara moja tu, ubao huvimba, hubabuka, na skrubu haishiki tena. Hakuna seremala anayeweza kuutengeneza. Kabati la mninga au mvule lililotumika miaka 30 hupigwa msasa, hupakwa vanishi, hubadilishwa bawaba, likaanza maisha mengine. Ua la plastiki nalo lina waya ndani, kitambaa juu na gundi katikati, kwa hiyo hata wanaookota plastiki ya kuuza hawana la kufanya nalo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2019. Sababu iliyotolewa, kwamba plastiki huziba mitaro, huua mifugo na haiozi, tuliikubali. Kisha kila Desemba tunaingiza nyumbani ndugu wa mifuko ile, wakiwa wamepakwa rangi ya kumetameta, na Januari tunawapeleka jalalani. Marufuku imeutoa mfuko dukani, lakini imani yetu inairudisha plastiki sebuleni.

Linganisha hayo na mkeka unaodharauliwa. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, huchemshwa katika rangi, ambayo zamani ilitoka kwenye mizizi ya mdaa na miti mingine kabla ya rangi za dukani. Kisha husukwa ukili mrefu, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi nakshi zikutane bila kupishana. Msusi huhesabu kwa vidole na kukumbuka kwa kichwa hesabu ambayo wengi wetu tungehitaji kuiandika. Mkeka huo ukitunzwa usipate maji, hutandikwa Idi nyingi. Huko ni kuwa na kitu cha heshima ndani ya nyumba: kuna akili ya mtu ndani yake. Zulia la nailoni lililotoka kiwandani pamoja na maelfu ya mengine ya sura ileile haliwezi kushindana nao kwa uzuri. Linaushinda kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba limenunuliwa juzi.

Na kwamba imani hii haihusu hata upya wenyewe, barabara zetu zinashuhudia. Magari mengi tunayoyaendesha Tanzania na Kenya yametumika kwanza Japani. Kenya imeweka sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 8, maana yake gari la miaka 7 linaingia kwa fahari. Hakuna anayelificha gari hilo kwa sababu lilikuwa na mwenyewe mwingine kabla yake. Hupongezwa, huombewa dua. Lakini mtu huyohuyo akipewa meza iliyotumika, atauliza watu watasemaje. Basi jambo linalotusumbua ni macho ya watu, na macho hayo yamefundishwa kipi kisifiwe na kipi kisengenywe. Yaliyofundishwa yanaweza kufundishwa upya. Wakati huohuo hoteli za kitalii za Zanzibar na Lamu hupambwa kwa mikeka, makawa, vinara vya shaba, milango ya zamani na meza zilizoundwa kwa mbao za majahazi chakavu, na mgeni hulipa pesa nyingi alale katikati ya vitu hivyo. Familia zilizoviuza kwa bei ya kutupa ili zinunue seti mpya ya sebuleni zimefanya biashara mbovu kuliko zote. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo halifai kupuuzwa: kwamba kusifu mitumba ni kuua viwanda vyetu. Hoja hii ina historia ya kweli. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipumue. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa zao huko bila ushuru. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Anayetaka kiwanda cha Afrika Mashariki kisimame nasimama naye. Lakini mapambo mapya tunayogombania siku za sikukuu hayakutoka katika kiwanda chetu. Mti wa plastiki, taa zake na maua yake vimetoka katika kontena, na pesa tuliyolipa, baada ya faida ya muuzaji na ushuru wa bandari, imeondoka nchini. Kitu kilichotumika ninachokitetea hapa zaidi ni kile kilichokwisha kuwa humu: kabati la jirani anayehama, kitanda cha mnadani, chupa ya kioo, pipa la mafuta linalogeuzwa sanduku au jiko na mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam. Kuvitengeneza kunamlipa seremala wa Keko, fundi cherehani wa mtaani, mchomeleaji na mpaka rangi. Anayetaka kazi zibaki nyumbani aanze na hao, maana wako tayari na hawangoji mkataba wowote wa kimataifa.

Pingamizi jingine ni la bei na jasho. Mkeka mzuri wa ukindu unaweza kuwa ghali kuliko ule wa plastiki, na vitambaa vya kufuma huchukua saa nyingi za mwanamke ambaye tayari ana mapishi, usafi na watoto wa kuvisha. Nakubali yote mawili, na ndiyo maana sisemi kila mama aongezewe kazi mkesha wa Idi. Nasema kazi ya mkono ilipwe. Msusi wa Pemba, mfumaji wa Moshi, msokota mkonge wa Machakos anayetengeneza kiondo, wote hukutana na mnunuzi anayevuta bei chini akisema hayo ni majani tu, hizo ni nyuzi tu. Mnunuzi huyohuyo dukani hulipa bei iliyobandikwa bila neno. Dharau hiyo ndiyo inayowafanya mabinti wa wasusi wakatae kujifunza, na fundi wa mwisho akifa, hakuna duka litakaloturudishia ujuzi wake. Kuhusu gharama, hesabu ifanywe kwa miaka. Kitu kinachonunuliwa mara moja kikatumika sikukuu kumi ni rahisi kuliko cha bei ndogo kinachonunuliwa mara kumi. Na asiye na pesa ya mkeka wala ya mti wa plastiki bado ana haki ya kupamba. Minyororo ya karatasi inayokatwa na watoto na kutundikwa darini ilipamba Krismasi za nyumba nyingi, na haikumtia mtu yeyote katika deni.

Wapo wanaosema vitu vilevile vinachosha, na kwamba vijana wanataka mabadiliko. Mabadiliko tunayo mlangoni, hayahitaji kontena. Desemba ndipo mkrismasi huchanua mwekundu katika mitaa ya Dar es Salaam. Tawi la mvinje Pwani, au la msonobari bara, ndilo mti wa msimu wetu, ilhali pamba inayomwagwa juu ya mti wa plastiki kuigiza theluji huigiza majira ambayo hatujawahi kuwa nayo. Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya jua, hivyo huzunguka majira yote: kuna Idi za masika na Idi za kiangazi, na kila moja huja na maua yake, matunda yake na upepo wake. Asumini kwenye sinia, mrehani mlangoni, udi katika chetezo, shuka nyeupe zilizopigwa pasi, na nyumba imebadilika. Ama wale wanaodhani mabaki hayazai sanaa ya maana, wamkumbuke mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya ujenzi. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo unaoitwa kwa jina lake umo katika majumba ya sanaa ya dunia.

Sitetei uchafu wala uzembe. Kochi lililotumika likaguliwe kunguni na kuanikwa juani kabla ya kuingizwa ndani. Mkeka uliooza uondolewe. Kuta zipakwe chokaa. Kilichokwisha kabisa kibadilishwe, na kipya kinunuliwe kinapohitajika, kikiwa imara. Ninachokikataa ni ile hukumu kwamba nyumba safi, iliyopangwa kwa mkono na kwa vitu vilivyotunzwa, imepungukiwa heshima mbele ya nyumba iliyojaa bidhaa za wiki hii.

Basi kabla sikukuu ijayo haijafika, fungua kabati na sanduku kwanza, duka baadaye. Toa vitambaa vifuliwe na kupigwa kanji. Mpelekee seremala kiti kilichovunjika mguu. Ukinunua, nunua kwa msusi au mfumaji, na umlipe bila kumtweza. Na ukialikwa kwenye nyumba iliyotandika mkeka uleule wa mwaka jana, msifu mwenye nyumba kwa sauti, mbele ya wageni wengine. Imani hii ilienea kwa maneno ya sebuleni. Ni sebuleni tutakapoikomesha.